Yenye Kigugumizi

Kikoti alizipanga tatu juu ya gunia,
nyuma ya vibanda vya mitumba, Soko Kuu, Iringa,
akasema: Chagua, mama, rili moja ndiyo mume wako.
Nikamwambia mume ninaye,
na huyo simpimi kwa breki.

Ya kwanza nyeupe, mpya, bado inanuka boksi.
Nikaizungusha. Laini kama mafuta ya alizeti.
Haikusema neno.
Mimi fundi cherehani; mashine isiyosema neno
siiamini mpaka nione mshono upande wa ndani.

Ya pili nzito, ya chuma, ilitoka Mufindi
kwa meneja wa chai aliyeuza kila kitu
siku moja kabla ya basi.
Nikavuta mshipi kwa meno, ukalia
kama uzi wa suti uliokazwa kupita kiasi.
Kuyu hataki hivyo.
Kuyu, pale chini ya daraja la Ipogolo,
hana haraka na chambo, anakionja kwa sharubu
kama mkwe anavyoonja mchuzi wa bi harusi,
halafu anaondoka na mto mzima.
Ukimkaza, anakata.
Ukimlegezea, anaingia kwenye mawe, mnabaki
wewe na mwamba mkivutana mpaka jioni.
Kati ya hayo mawili ipo nafasi
nyembamba kuliko tundu la sindano namba kumi na moja.
Hapo ndipo ninapokula.

Ya tatu Kikoti aliifunika nusu kwa kitambaa.
Imechubuka rangi, kishikio chake kipande cha mninga
alichochonga sijui nani,
na ndani jino moja la gia limevunjika.
Ukizungusha: trrrr-tk. Trrrr-tk.
"Ina kigugumizi," akasema. "Hiyo ya spea tu."

Sikumjibu upesi.
Darasa la tatu nilisimama kusoma,
neno kumbukumbu likaning'ang'ania kooni,
ku-ku-ku,
darasa zima likanimalizia
kwa sauti moja, kama wanamwamkia mgeni rasmi.
Mwalimu akasema: Kaa.

Nikaizungusha tena, nimefumba macho.
Trrrr-tk: mzunguko mmoja, shibiri tatu za mshipi.
Tk ishirini, chambo kimefika kwenye kina.
Tk arobaini na kitu, kiko ng'ambo, penye matete.
Alfajiri ya Julai, ukungu umelala juu ya Ruaha Mdogo
hata kiganja chako hukioni,
rili gani nyingine itanihesabia?

"Elfu nane."
"Kumi na mbili."
"Ya spea?"
Akacheka. Elfu nane.

Sitasema imenijazia ndoo.
Wiki ya kwanza ilinipa tawi,
kandambili ya mguu wa kushoto, na mafua.
Wiki ya pili, sijamaliza hata chai ya chupa,
trrrr-tk, ikanyamaza.
Trrrr-tk-tk,
mara mbili, haijawahi,
na kishikio kikanigonga vifundo vya vidole.
Nikaweka kidole gumba ubavuni mwa gurudumu,
naachia, nabana, naachia,
kama napitisha hariri kwenye kona ya kola.
Ikakwama, ikarudia, ikakwama tena
na mimi sikuikatisha.
Sikuimalizia sentensi yake.

Alitoka na rangi ya shaba,
magamba mapana kama vifungo vya koti la baridi,
sharubu nne zikitafuta jambo hewani.
Jirani alisema kilo tatu. Mume wangu, mbili na nusu.
Mizani ya Kikoti sikuitaka.

Sasa inakaa kwenye droo, pamoja na bobini,
inakunywa mafuta kwenye kichupa kimoja na cherehani.
Ile nyeupe bado iko sokoni, juu ya gunia,
nzuri, ukiihitaji.
Jana Lwila alikuja kudai suruali ya mwanawe.
Nikamwambia itakuwa tayari Ju-, Ju-
droo iko wazi, akatazama ndani, akatazama pindo,
akangoja.
Jumatano.